Masega ya Gari Lako na Sheria za Marekani: Mwongozo wa Fundi Aliye Minnesota

Gari lililoibiwa masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi chini ya gari, halihitaji kupimwa kwa mashine. Mwenyewe anawasha asubuhi, linanguruma kama trekta, jirani anachungulia dirishani. Nina gereji ndogo hapa Minnesota, na wateja wangu wengi ni wenzetu wa Afrika Mashariki: madereva wa Uber, wauguzi wa zamu za usiku, wazee wanaosimamia basi dogo la kanisa. Wote huniuliza swali lilelile: "Fundi, sheria si ipo? Mbona bado wanakata?"

Sheria ipo. Ila imetungwa kumbana anayenunua na anayekutwa na mzigo, si kumrukia mwizi akiwa bado chini ya gari lako. Na ili imfikie huyo mnunuzi, masega yako lazima yawe na kitu cha kuyatambulisha. Yakiwa hayana alama, mbele ya hakimu ni chuma tu. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye alama na makaratasi, mambo ambayo wateja wangu huyaona ya kuchosha.

Kinachotafutwa chini ya gari

Masega, yaani katalitiki konveta, ni kile kipande cha ekzosi chenye ganda la chuma na ndani yake kauri ya matundu madogo madogo. Kauri hiyo imepakwa tabaka jembamba sana la platini, paladi na rodi. Moshi wa moto ukipita humo, monoksidi ya kaboni inageuka kuwa dioksidi ya kaboni, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa, na oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi kuanzia modeli za mwaka 1975, na kwa miaka mingi viwanda havikuona haja ya kuyapiga namba ya gari. Nani angeiba kipande cha ekzosi?

Bei ndiyo iliyojibu. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodi ilipita dola 20,000. NICB, shirika la kampuni za bima linalofuatilia uhalifu wa magari, lilihesabu visa 1,298 vya wizi wa masega mwaka 2018, vikawa 14,433 mwaka 2020, na mwaka 2022 vikapita 64,000. Bei ilipoporomoka mwaka 2023, wizi nao ukaanza kupungua. Wanasiasa hupenda kusema ni sheria zao. Mimi nadhani sheria zimesaidia na bei imesaidia zaidi, na siku bei ikipanda tena ndipo tutakapojua sheria zina meno kiasi gani.

Magari yanayopendwa na wezi ni yale yaliyoinuka juu ambayo mtu anaingia chini bila jeki, kama pikapu na mabasi madogo, pamoja na ya haibridi kama Toyota Prius. Kwenye haibridi injini ya petroli haifanyi kazi muda wote, kwa hiyo madini hayachoki upesi. Kama unaendesha mojawapo ya hayo, soma kwa makini zaidi.

Sheria inamtafuta nani

Zamani polisi walikuwa wakisimamisha gari saa tisa usiku, wakakuta msumeno wa betri na masega kadhaa yenye ncha mbichi za kukatwa. Wakiuliza, jamaa anasema kayanunua. Nani athibitishe vinginevyo? Mwenye mali bado amelala, na chuma hakina jina. Jamaa anaondoka.

Minnesota iligeuza mzigo huo wa kuthibitisha. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, kukutwa na masega yaliyotumika ambayo hayajafungwa kwenye gari ni kosa, isipokuwa yawe yameandikwa tarehe yaliyotolewa na namba ya gari yalikotoka, au namba nyingine inayoweza kulitambulisha gari hilo, au yawe yamepimwa na kuthibitishwa kutumika tena kwa kanuni za EPA, wakala wa mazingira wa serikali kuu. Adhabu inapanda kadiri idadi inavyopanda: mwenye moja ana kosa dogo, mwenye shehena anaingia kwenye jinai kubwa na miaka ya jela. Hapo hakuna haja ya kumtafuta aliyelala. Kutokuwa na alama kwenyewe ndilo kosa.

California ilianzia kwenye mzani wa mnunuzi. Sheria mbili, SB 1087 na AB 1740, zilisainiwa na Gavana Gavin Newsom Septemba 2022 na kuanza kazi Januari 2023. Ya kwanza inapunguza orodha ya wanaoruhusiwa kuuza masega kwa wanunuzi wa skrapu: wenye leseni, gereji, na mwenye gari anayeonyesha kwamba ni lake. Ya pili inamtaka mnunuzi aweke kumbukumbu za gari yalikotoka, hadi aina yake na mwaka wake. Texas nayo, kwa SB 224 ya mwaka 2023, imeufanya wizi wa masega kuwa jinai kubwa hata kama kipande chenyewe ni cha thamani ndogo.

Ukitaka kuona kwa nini mnunuzi ndiye anayelengwa, angalia kesi ya serikali kuu ya Novemba 2022 dhidi ya mtandao wa masega ya wizi. Watu 21 walishtakiwa kutoka majimbo matano, na serikali ikaomba kutaifisha takriban dola milioni 545. Fedha za namna hiyo hazikai kwa kijana mwenye msumeno. Yeye hulipwa chake kidogo gizani, mzigo unapanda ngazi hadi kwa anayesafisha madini. Kata ngazi ya katikati, na yule wa chini atakuwa amebeba chuma kisichonunulika.

Tia alama, na uitie vizuri

Hili ndilo la kufanya wikiendi hii. Anza kwa kuliacha gari lipoe, ikiwezekana usiku kucha, maana masega hubaki ya moto muda mrefu baada ya kuzima. Liinue kwenye sakafu ngumu, kisha weka stendi za jeki. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama umelifanya hilo maisha yako yote huko nyumbani.

Namba unayotaka ni namba ya chesisi, ambayo hapa wanaiita VIN. Iko kwenye dashibodi upande wa dereva, unaisoma kupitia kioo cha mbele, na iko pia kwenye hati ya umiliki. Ina herufi na tarakimu 17. Haina kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona duara andika sifuri. Nimeletewa magari yaliyochorwa herufi O pale pa sifuri, na ofisa anayeingiza namba hiyo kwenye kompyuta haambulii kitu.

Sugua sehemu utakayoandika kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Tumia kalamu ya umeme ya kuchorea chuma, ile inayotetemeka, na uandike kwenye ganda lenyewe. Magari mengi yana bati la kuzuia joto juu ya masega, na watu huandika hapo kwa sababu ni rahisi kufikia. Bati hilo hung'olewa na kutupwa vichakani, namba yako ikaenda nalo. Kama haliachi nafasi, tafuta upande ulio wazi, au mwombe fundi alilegeze. Andika mara mbili, mahali pawili tofauti, ili anayetaka kuisaga apate kazi. Usitoboe, na usichore kwa mashine ya kukatia: unahitaji maandishi, si tundu la kuvujisha moshi.

Kisha puliza rangi kali inayostahimili joto, ya aina inayouzwa kwa ajili ya injini na ekzosi. Nyekundu au njano ni nzuri. Mwizi mwenye tochi akiona rangi anajua kuna namba, na mara nyingi anahamia gari la pili. Si ukarimu kwa jirani, najua. Basi mwambie jirani naye apake.

Gari lenye injini ya silinda sita au nane huwa na masega zaidi ya moja. Yale yaliyobanwa juu kabisa karibu na injini si rahisi kukatwa, kwa hiyo yakikushinda yaache. Shughulikia yale yanayoonekana ukiinama.

Piga picha namba ikisomeka, na picha nyingine gari likionekana pamoja na namba zake za usajili. Jitumie kwa barua pepe, maana simu nayo huibiwa. Na kwa kuwa huku barabara zinamwagiwa chumvi majira yote ya baridi, rudi chini ya gari kila theluji ikiisha uone kama maandishi bado yanasomeka. Kutu haijui sheria.

Polisi wa miji mingi na baadhi ya gereji huwa na siku za kuchora namba bure. Piga simu uulize. Ukiwa huna vifaa, hiyo ndiyo njia yako.

Kuhusu zile kinga za chuma zinazofungwa kuzunguka masega: ni nzuri, zinamchelewesha mwizi, ila hazikupi chochote mahakamani. Fedha ikiwa ya kitu kimoja tu, chora namba.

Masega ya zamani yakitolewa

Hapa ndipo watu wema hujikuta upande mbaya wa sheria. Masega yakiharibika na fundi akakufungia mapya, yale ya zamani bado yana madini na bado yana bei. Mzee mmoja aliniomba nimwekee kwenye buti akayauze mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee wangu, ngoja kwanza." Nikachukua kalamu ya rangi, nikaandika tarehe ya siku ile na namba ya chesisi ya gari lake. Bila maandishi hayo, kwa Minnesota, mzee angekuwa anaendesha huku amebeba kosa lake mwenyewe nyuma.

Na sikumpa siku hiyohiyo. Taratibu za EPA zinamtaka fundi anayefunga masega mapya yasiyo ya kiwandani kuyahifadhi ya zamani kwa siku 15 na makaratasi kwa miezi 6, ili mkaguzi akija aone sababu ya kubadilisha. Kama masega hayakuwepo kabisa kwa sababu yameibiwa, mimi na mteja tunasaini maelezo kwamba hayakuwepo. Fundi akikuharakisha na hataki kusaini chochote, mtafute mwingine.

Ukienda kuuza, nenda na kitambulisho, hati au kadi ya usajili wa gari, na risiti ya gereji. Tarajia kuandikwa jina, na tarajia kulipwa kwa hundi au kwa benki badala ya noti. Usikasirike. Uingereza ilipotunga sheria ya wafanyabiashara wa chuma chakavu ya mwaka 2013, kwa England na Wales ilipiga marufuku malipo ya fedha taslimu kwa chuma chakavu chochote, kwa sababu noti haina kumbukumbu. Anayekuambia mkutane kituo cha mafuta na atakupa taslimu bila swali, huyo ndiye aliyetungiwa sheria zote hizi, na wewe ukiuza kwake umeingia kwenye mnyororo wake.

Ukikuta yanakatwa, au yamekatwa

Ukisikia msumeno usiku, piga 911 ukiwa ndani. Usitoke. Sheria ile ya Texas imepewa jina la Darren Almendarez, ofisa wa sherifu wa Harris County, ambaye mwaka 2022 aliwakuta watu chini ya gari lake kwenye maegesho ya duka, akiwa hayuko zamu. Walimpiga risasi akafa. Alikuwa askari, mwenye mafunzo na silaha. Wewe una kandambili na hasira.

Asubuhi, kabla ya kumpigia fundi, ripoti polisi. Miji mingi inakubali ripoti ya mtandaoni kwa wizi wa aina hii. Wape namba ya chesisi, waambie masega yalichorwa namba hiyo na sehemu gani, ambatanisha zile picha. Chukua namba ya kesi. Wengi wetu tunaona haya au woga kuita polisi, tukisema hawatafanya chochote. Huenda siku hiyo wasifanye. Lakini mzigo ukikamatwa kwenye ghala la mnunuzi miezi mingi baadaye, namba isiyo na ripoti haina pa kurudi.

Kisha bima. Bima ya lazima, ile ya kulipa madhara ya wengine, haigusi wizi huu. Inayolipa ni ile inayoitwa "comprehensive," na hata hiyo inalipa baada ya wewe kubeba kiasi mlichokubaliana kwenye mkataba. Soma kiasi hicho leo, maana mtu mwenye gari la zamani anaweza kugundua kwamba kiasi anachobeba kinakaribia gharama yote ya kazi. Dhamana ya kiwanda ya miaka 8 au maili 80,000 kwa masega ni ya kuharibika, haihusu kuibiwa. Nimeshawaona watu wakibishana sana na muuza magari juu ya hilo, na hawakushinda.

Usiliendeshe gari kwa siku kadhaa ukisubiri. Moshi unatoka chini ya viti vyenu, na mara nyingi waya za sensa ya oksijeni zimekatwa pamoja na masega. Livutwe.

Halafu kuna lile ombi: "Fundi, niwekee bomba tu, maisha yaendelee." Mama mmoja aliniambia Minnesota haipimi moshi wa magari, nani atajua? Kweli, upimaji ulisitishwa hapa mwaka 1999. Lakini sheria ya hewa safi ya serikali kuu inakataza kuondoa au kulemaza kifaa hicho, na fundi anayefunga bomba tupu anavunja sheria hiyo jimbo lolote alilopo. Kufunga masega yaliyotumika kutoka kwa mvunja magari nako hakuruhusiwi, ila yawe yamepimwa na kuwekewa lebo kwa kanuni za EPA. Kwa hiyo kinachobaki ni mapya: ya kiwandani, ambayo ni ghali, au ya kampuni nyingine yenye dhamana ya maili 25,000 kwa utendaji na miaka 5 au maili 50,000 kwa ganda. Ukihamia California, hakikisha yameidhinishwa na jimbo lile, maana masharti yao ni makali zaidi na yanayokubalika hapa yanaweza kukataliwa kule.

Kama jimbo lako bado limelala

Si majimbo yote yana sheria inayomgeuzia mzigo wa kuthibitisha anayekutwa na masega yasiyo na alama. Kama unaishi kwenye jimbo la namna hiyo, omba mambo matatu kwa mbunge wako wa jimbo, wala usimwombe mengine mengi: kumiliki masega yaliyokatwa yasiyo na alama kuwe kosa, mnunuzi atunze kumbukumbu za gari yalikotoka, na malipo yasiwe taslimu. Kuongeza miaka ya jela kwa mkataji peke yake ni jambo linalopendeza kwenye kampeni na kubadilisha kidogo. Anayekata usiku hasomi vifungu.

Ukweli mwingine: sheria ya jimbo inaishia mpakani. Mzigo uliokatwa hapa unaweza kuuzwa jimbo jirani kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo sababu kuna muswada wa serikali kuu uitwao PART Act, ambao Seneta Amy Klobuchar wa Minnesota ni miongoni mwa walioupeleka Seneti, na Jim Baird wa Indiana kwenye Baraza la Wawakilishi. Unataka magari mapya yatoke yakiwa na namba kwenye masega, na utenge fedha za kuchora yale ya zamani. Umewasilishwa zaidi ya mara moja tangu 2022. Ukimwandikia mbunge wako wa Washington, utaje kwa jina.

Hapa Minnesota, bunge la jimbo linakutana St. Paul, na vikao huanza mwanzoni mwa kila mwaka. Muswada ukifika kamati, tangazo la kikao huwekwa kwenye tovuti ya bunge pamoja na barua pepe ya katibu wa kamati. Unamwandikia kwamba unataka kutoa maelezo, na unapewa dakika chache. Ukishindwa kufika, unatuma barua ya ukurasa mmoja. Si lazima uwe raia. Watu wetu wengi hawalijui hilo. Taja aina ya gari, gharama uliyolipa, siku ulizokosa kazi, na uambatanishe risiti. Wabunge wamesikia takwimu za bima hadi wamechoka. Muuguzi aliyekosa zamu mbili na dereva aliyekaa wiki bila kipato hawajawasikia vya kutosha, na ukitaka mtu wa kukusaidia kuiweka barua yako sawa kwa Kiingereza, muulize msimamizi wa maktaba ya mtaa wako.